Risasi ya Saba na Maji ya Kusini

Iko mizani moja inayotumiwa na watu wa kalamu, na mizani hiyo imepinda. Katika kitanga kimoja huwekwa hekaya za Ulaya, zikaitwa sanaa. Katika kitanga cha pili huwekwa hekaya za kusini, kutoka Rufiji hadi Ruvuma, zikaitwa ushirikina. Zamani mpimaji alikuwa mtawala wa kigeni, na kwake yeye upindo huo ulikuwa na faida. Mpimaji wa leo ni msomi wa hapa hapa, na mara nyingi ni mshairi wa pwani aliyelelewa katika tenzi, ambaye anazijua mizani za ubeti kuliko anavyoijua njia ya kutoka Lindi kwenda Nachingwea. Yeye hapati faida yoyote. Anapima tu kama alivyofunzwa kupima.

Jambo hili halitatuliwi kwa malalamiko ya jumla. Na zichukuliwe hekaya mbili, moja ya kila upande, zote mbili zikisema habari ya risasi, ziwekwe mbele ya msomaji, kisha na atazame mwenyewe ni ipi iliyo nzito.

Ya kwanza ilipanda jukwaani mjini Berlin tarehe 18 Juni 1821, katika jumba jipya la maigizo lililosanifiwa na Schinkel. Ni opera, yaani mchezo wa kuigiza ambao sehemu yake kubwa huimbwa kwa kufuatana na ala nyingi, na jina lake ni Der Freischütz. Jina hilo humtaja mpiga bunduki ambaye risasi zake zimerogwa, hazikosi shabaha. Muziki ni wa Carl Maria von Weber. Maneno ni ya Friedrich Kind. Siku yenyewe ilikuwa ukumbusho wa miaka sita tangu Napoleon kushindwa Waterloo. Wajerumani wakati huo hawakuwa na dola moja. Walikuwa na falme na vijimbo vingi, na mfalme wa Prussia alikuwa amemweka Spontini, Mtaliana, kuwa mkuu wa muziki wake. Waliozoea kuambiwa kwamba muziki wa heshima hutoka Italia na Ufaransa walisikia usiku ule ngano ya misitu yao ikiimbwa kwa lugha yao. Wakaishika, wala hawajaiachia mpaka leo.

Kisa chake kimewekwa katika misitu ya Bohemia, mara baada ya Vita vya Miaka Thelathini vilivyokwisha mwaka 1648. Kijana Max, mwindaji, anampenda Agathe, binti wa Kuno, mkuu wa misitu. Desturi yataka mposaji apige shabaha mbele ya mtawala; akikosa, harusi hakuna. Max alikuwa hodari, lakini sasa mkono umempotea, kila apigapo hukosa. Mwenzake Kaspar, ambaye amekwisha kuiuza roho yake kwa shetani aitwaye Samiel, anamwita usiku wa manane katika Bonde la Mbwamwitu, na huko zinasubiwa risasi saba. Sita zitakwenda atakako mpigaji. Ya saba itakwenda atakako Samiel.

Vitu vinavyotiwa katika chungu hicho vimetajwa kimoja kimoja mbele ya watazamaji: madini ya risasi, vumbi la vioo vilivyovunjika vya madirisha ya kanisa, zebaki, risasi tatu zilizokwisha kupiga shabaha, jicho la kulia la hudihudi, na jicho la kushoto la paka wa mwituni. Hudihudi yule yule ambaye kila mtoto wa chuoni visiwani anamjua kwa habari za Nabii Suleiman na Malkia wa Sabaa, kule Bohemia anatolewa jicho ili kijana apate mke.

Kind hakukibuni kisa hiki. Alikikuta katika mkusanyo wa hadithi za mizimu ulioanza kutolewa na Apel na Laun mwaka 1810, nao walikuwa wameuchota katika ngano za watu. Baada ya Berlin opera hiyo ilienea upesi. Kufika mwaka 1824 ilikwisha kuchezwa London na Paris. Haikuwazuia watu hao kuwa na vyuo vikuu, wala wanafalsafa, wala viwanda. Hakuna mwanahistoria anayesema kwamba Wajerumani wa karne ya 19 walikuwa wajinga kwa kuwa waliketi ndani ya jumba la Schinkel wakasikiliza habari za jicho la hudihudi. Husemwa kwamba walikuwa na hisia, kwamba walipenda misitu, kwamba walikuwa wakitafuta umoja wao.

Hekaya ya pili ni ya Ngarambe, karibu na mto Rufiji. Kinjeketile Ngwale, kwa masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na watafiti wa chuo kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, alichukuliwa na pepo Hongo akazamishwa katika kina cha mto. Jamaa zake walidhani amekufa maji. Kesho yake akatoka, na nguo zake zilikuwa kavu. Akaleta dawa ya maji, nayo ilichanganywa na mafuta ya nyonyo na punje za mtama. Atakayeipokea dawa hiyo, risasi ya Mjerumani ikimjia itageuka maji.

Basi na ipimwe. Upande mmoja ni jicho la ndege, upande wa pili ni punje za mtama. Upande mmoja roho inauzwa kwa Ibilisi ili mtu mmoja aoe. Upande wa pili watu wa lugha mbalimbali, ambao hawakuwahi kuwa chini ya mfalme mmoja, wanakunywa maji mamoja ili waondokewe na kiboko, kodi na shamba la pamba la lazima. Upande mmoja risasi inatiwa uchawi ili iue bila kukosa. Upande wa pili risasi inaombewa iwe maji, isimwue mtu. Mwenye macho na aseme ni hekaya ipi iliyo na ubinadamu zaidi. Lakini ya kwanza imepewa jumba, na ya pili imepewa sura moja katika kitabu cha shule, tena sura yenye kuitikisia kichwa.

Wala watu wa hekaya hizi mbili hawakukaa mbali hivyo. Shujaa wa opera ni mwindaji, na heshima yake yote imo katika bunduki na msitu. Sheria ya uwindaji iliyotolewa na Wissmann mwaka 1896 kwa koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani ilimtaka mwindaji awe na kibali cha serikali. Hivyo taifa lililomwimbia mwindaji wake lilimfanya mwindaji wa kusini kuwa mwizi katika pori la babu zake. Na Gavana von Götzen, alipoandika kitabu chake juu ya vita mwaka 1909, aliutilia uganga uzito mkubwa katika kueleza kwa nini watu walisimama. Ilikuwa nyepesi kwake kuieleza vita kwa uganga kuliko kuieleza kwa pamba.

Hapo mtetezi wa mizani atasimama na kusema: opera ya Weber haikumwua mtu, lakini maji ya Ngarambe yaliua maelfu. Hoja hii ina uzito na haifai kurukwa. Ni kweli kwamba mwishoni mwa Julai 1905 pamba iling'olewa Nandete katika vilima vya Matumbi, na vita vikaenea kusini na magharibi. Kwamba Kinjeketile alinyongwa Mohoro mapema mwezi wa Agosti, na dawa ikaendelea kusafiri bila ya mwenyewe. Kwamba tarehe 30 Agosti watu waliikabili boma ya Mahenge wakiwa na imani hiyo, na bunduki za rashasha zikawafyeka. Hakuna mtazamaji wa Berlin aliyetoka jumbani akaenda kukabili mzinga kwa kuitegemea risasi ya Kaspar.

Ila neno "maji yaliua" ni neno la uongo. Watu waliuawa na risasi, na baada ya risasi waliuawa na njaa, kwa kuwa jeshi la Wajerumani lilichoma mashamba na maghala kwa makusudi mpaka nchi ikakosa mbegu ya kupanda. Hesabu ya serikali ya Kijerumani ilitaja Waafrika 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye wamefikisha 250,000 hadi 300,000. Anayesema kwamba hao wote waliuawa na dawa anamwondolea lawama aliyeshika bunduki na aliyeshika kijinga cha moto. Na hata kama hekaya ile iliwaongezea watu ujasiri wa kwenda mahali pa kufa, jambo hilo halipunguzi thamani yake katika sanaa. Linaizidisha. Hekaya iliyogharimu roho za watu inadai ushairi mkubwa kuliko ile iliyogharimu tiketi ya jumba la maigizo.

Lakini mashtaka ya makala haya hayamhusu Götzen. Götzen amekwisha kufa, na kitabu chake hakisomwi na wengi. Mashtaka yanamhusu mshairi wa pwani, kwa kuwa yeye hawezi kujitetea kwamba hazijui hekaya za namna hii. Anazijua na anaziheshimu, mradi tu zimezaliwa karibu na bahari.

Nani asiyemjua Liyongo? Silaha haikumdhuru. Mshale haukumwua, mkuki haukumwua. Kitu kimoja tu kingeweza kumtoa roho, nacho ni sindano ya shaba itiwe kitovuni. Mwanawe akadanganywa kwa ahadi ya kuozwa, akaipata siri, akamchoma baba yake usingizini. Liyongo akaamka, akatoka na upinde wake hadi kisimani, akapiga goti, akafia pale pale mshale ukiwa upindeni. Na watu wa mji, wakidhani yu hai, wakashindwa kuteka maji. Muhammad Kijumwa wa Lamu alikiweka kisa hiki katika utenzi mwaka 1913, miaka minane tu baada ya vita vya Maji Maji kuanza. Je, kuna mwalimu wa fasihi asimamaye mbele ya darasa akasema kwamba Liyongo ni ushirikina? Hakuna. Husemwa kwamba ni shujaa, ni mshairi, ni fahari ya Waswahili. Mwili usioingiwa na chuma ukiwa wa mtu wa Pate na Shaka, huo ni utenzi. Mwili usioingiwa na risasi ukiwa wa Mmatumbi au Mngindo, huo ni ujinga. Na Wajerumani nao wanaye Siegfried wao, ambaye ngozi yake haikuingiwa na silaha isipokuwa mahali pamoja mgongoni. Wagner alimwua jukwaani Bayreuth mwaka 1876, na dunia ikapiga makofi.

Tofauti, basi, haimo katika hekaya. Imo katika mwimbaji. Liyongo alipata Kijumwa, Max alipata Weber, Siegfried alipata Wagner. Ngano inayopata mtungaji huitwa sanaa, na ile inayomkosa huachiwa polisi na watu wa takwimu.

Haki itaka wasemwe wale waliotimiza wajibu wao. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliandika Utenzi wa Vita vya Maji Maji, naye aliyatunga mambo yaliyotokea katika nchi yake na katika zama zake. Na itazamwe njia uliyopita utenzi huo: ulichapwa kwanza Berlin mwaka 1933, pamoja na tafsiri ya Kijerumani, haukutolewa Afrika Mashariki mpaka mwaka 1957, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley. Kilio cha Lindi kilisomwa katika mji wa Weber kabla hakijasomwa Lindi kwa chapa. Kisha akaja Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, akaandika tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Naye pia baadaye alikwenda kusoma Berlin, upande wa mashariki wa mji huo. Hussein hakumfanya Kinjeketile kuwa mchawi wala malaika. Alimfanya mtu aliyetoa neno, neno likakua likamzidi nguvu, na mwisho akakataa kulikana. Hiyo ndiyo kazi ya sanaa mbele ya hekaya: haiulizi kama maji yalikuwa na nguvu au hayakuwa nayo, inauliza neno hufanya nini likishatoka kinywani.

Kazi hizo mbili zinatosha kuonyesha kwamba jambo hili lawezekana. Hazitoshi kuwa kisingizio cha wengine kukaa kitako.

Na mahali pa kupimia uzembe huo ni Narung'ombe.

Nachingwea hutajwa vitabuni kwa mambo mawili: mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ukaanguka kwa hasara, na kambi ya wapiganaji wa Frelimo. Ruangwa hutajwa kwa korosho na ufuta. Narung'ombe, katika nchi hiyo hiyo ya Wamwera na majirani zao, hutajwa na waandishi wa mambo ya kijeshi, na wengi wa waandishi hao ni wa Ulaya. Tarehe 19 Julai 1917 jeshi la Waingereza lililotoka Kilwa, likiongozwa na Brigedia Jenerali Beves, lilipigana hapo na jeshi la Wajerumani lililoongozwa na von Liebermann. Upande wa Waingereza walikuwamo askari wa King's African Rifles, askari wa Gold Coast ambayo leo ni Ghana, watu wa Afrika ya Kusini na watu wa Bara Hindi. Upande wa Wajerumani, wengi walikuwa askari Waafrika, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Hasara ilikuwa kubwa. Wajerumani wakajiondoa wakaelekea kusini, vita ikawafuata hadi Mahiwa mwezi wa Oktoba, na mwishoni mwa Novemba Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma.

Ilikuwa miaka 12 tu tangu maji ya Ngarambe. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka kumi wakati dawa ilipopita katika nchi ile, mwaka 1917 alikuwa na miaka 22, umri hasa wa kubebeshwa mzigo wa jeshi. Julai ni kiangazi kusini. Majeshi yalikwenda kwa kufuata maji, na bila ya maji hakuna jeshi lililoweza kusogea. Nchi iliyoambiwa kwamba maji yatashinda risasi ikaona sasa majeshi mawili ya kigeni yakitembea kwa hesabu ya visima. Mtungaji anatafuta nini tena? Hekaya na historia zimegusana mahali pamoja, kwa maneno yale yale mawili, maji na risasi, na hakuna aliyeinua kalamu. Narung'ombe haimo katika tenzi zinazosomeshwa mashuleni, wala haimo katika nyimbo zinazopigwa redioni.

Mtu wa visiwani asidhani kwamba jambo hili ni la bara peke yake. Unguja nayo ilitoa wapagazi katika vita hivyo. Askofu Frank Weston mwenyewe aliwaongoza wapagazi wa Zanzibar huko bara mwaka 1916. Kariakoo ya Dar es Salaam imechukua jina lake kwa kikosi cha wapagazi. Katika kampeni nzima wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi, uchovu na njaa, na mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa hawakupewa makaburi wala majina kama walivyopewa wenzao wa Ulaya. Mnara wa Askari ulisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, na maneno yaliyochongwa hapo, yenye kuahidi kumbukumbu, yalitungwa na Kipling. Basi hii ndiyo hali: mkombozi wa majina ya wafu hao alikuwa mshairi wa Kiingereza, naye hakutaja jina hata moja.

Na washairi wa Kiswahili? Shaaban Robert, ambaye hakuna wa kumvunjia heshima, alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, kazi ndefu ya maelfu ya beti, juu ya vita vya 1939 hadi 1945, na sehemu kubwa ya vita hivyo ilipiganwa Ulaya na Asia. Kama Kiswahili kiliweza kuubeba mzigo wa Hitler na Mussolini, hakiwezi kushindwa na Narung'ombe. Walioshindwa ni warithi wake, ambao wameirithi kalamu bila ya kurithi ule upana wa kifua.

Iko sababu nyingine ya ukimya huo, nayo ni sababu ya ndani zaidi. Inahusu mwisho wa kisa.

Katika hadithi ya Apel, risasi ya saba inampiga bibi harusi, anakufa, na mwindaji anaishia katika wazimu. Huo ndio mwisho uliokuwamo kabla ya opera. Kind na Weber waliubadilisha. Jukwaani Max anapiga risasi, Agathe anaanguka, lakini amezirai tu. Taji la mawaridi aliyoyapata kwa mtawa wa msituni limemkinga, na anayekufa ni Kaspar. Mtawala Ottokar anataka kumfukuza Max nchini. Hapo mtawa anatokea, anamwombea msamaha, Max anapewa mwaka mmoja wa kujaribiwa, na ile desturi ya kupiga shabaha inafutwa. Watu wote wanaimba kwa shukrani. Watazamaji wanakwenda nyumbani wakiwa wametulia.

Fasihi ya Kiswahili, tangu uhuru, nayo imejitafutia mtawa wake. Kila vita vya Maji Maji vikitajwa, mwishoni hutokea mtu mwema mwenye kanzu nyeupe, akasema: maji yalishindwa, lakini yalileta umoja, umoja ulileta chama, chama kilileta uhuru, basi hakuna aliyekufa bure. Maneno hayo yana sehemu ya ukweli. Lakini mtawa huyo hufika mapema mno, kabla maiti hazijazikwa, na akishafika hakuna anayeruhusiwa kulia. Ndiyo maana Narung'ombe imeachwa nje. Mtawa hana la kusema Narung'ombe. Askari aliyekufa hapo kwa ajili ya Kaiser na askari aliyekufa hapo kwa ajili ya Mfalme George hawakufa kwa ajili ya umoja wa mtu yeyote, na mpagazi aliyekufa kati yao hakuulizwa anamtaka nani. Risasi zao hazikugeuka maji, wala hazikugeuka uhuru. Zilibaki risasi. Kifo cha namna hiyo hakiingii katika wimbo wa shukrani, na mshairi aliyezoea kumaliza kwa dua na pongezi hajui akifikishe wapi.

Na asikifikishe popote. Mshairi wa Narung'ombe na aurudie mwisho wa Apel, aache risasi ya saba imfikie iliyemlenga. Anayeogopa kwamba msomaji ataumia amesahau kazi ya utenzi. Wazee hawakuketi usiku kucha wakisikiliza masaibu ya mitume na mashujaa ili watulizwe. Waliketi ili walie kwa haki, wakijua wanamlilia nani.

Litabaki neno moja la wapinzani, nalo ni kwamba opera ni ya kigeni na mfano wake haufai kuletwa hapa. Neno hili linashangaza likitoka kwa watu wa tenzi. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, unasimulia Mtume na Herekali, kaisari wa Warumi wa mashariki. Mtungaji wake, Mwengo wa Athumani, hakuhitaji kuzaliwa Tabuk ili autunge. Aliichukua hekaya iliyosafiri, akaitia katika vina vya kwao, ikawa ya kwao. Kadhalika haitakiwi opera ya Kijerumani iigwe kwa nguo na kwa kengele. Linalotakiwa kuigwa ni ujasiri wa kuuamini msitu wa nyumbani. Vyombo vipo. Ikhwani Safaa ilianzishwa Unguja mwaka 1905, mwaka ule ule ambao kusini kuliwaka moto. Watu wanaoweza kulishika jukwaa kwa fidla, udi na ganuni hadi alfajiri kwa ajili ya mapenzi yaliyovunjika, wanaweza kulishika usiku mmoja kwa ajili ya nchi iliyovunjika. Ngoma za kusini zipo. Utenzi upo, na sauti ya kuughani ipo. Kilichokosekana ni mtu wa kuviweka pamoja.

Mtu huyo ataanzia wapi? Ataanza kwa kwenda. Hawezi kuutunga utenzi wa Narung'ombe kwa kutazama ramani akiwa barazani Malindi au Mkunazini. Inampasa akae na Wamwera, ajifunze maneno yao ya maji na ya njaa, aulize wajukuu na vitukuu wamesikia nini kutoka kwa waliotangulia, aandike na majina atakayopewa. Inampasa awataje wapagazi kabla ya majenerali, kwa kuwa majenerali wamekwisha kujitaja wenyewe. Inampasa ayatie maji ya Ngarambe katika beti za mwanzo bila ya kuyachekea na bila ya kuyaombea radhi, kama vile Kind alivyolitia jicho la hudihudi katika chungu bila ya kumwomba radhi mtu.

Na kazi hiyo ikimalizika, isipelekwe kwanza Ngome Kongwe mbele ya wageni walionunua tiketi, wala Dar es Salaam mbele ya mawaziri. Iimbwe kwanza Narung'ombe, usiku wa Julai, mbele ya watu wenye ardhi ile. Wao ndio watakaojua kama mizani imenyooka.